Mistari ya Josho la Saba

Bahati
Jumanne, 3 Septemba 2024

Kwako Mwalimu Kabiru,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Natumaini huko kwenye mitambo ya umeme ya Olkaria mvuke unaendelea kukupa joto na ugali. Mimi ni mzima, ila nina hasira.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu mbili. Kwanza, kwa simu utanizungusha. Nakujua tangu chuoni: mtu anakuuliza swali moja, unampa hadithi tatu za kuchekesha, anaondoka ameridhika na hana jibu. Pili, nimekufungia kurasa sitini na moja ili uzipitie kwa ile kalamu yako ya kijani. Ndiyo, sitini na moja. Ni funksheni moja.

Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba funksheni ni fungu la maagizo lenye jina, kwamba lifanye kazi moja, na jina liseme ni kazi gani. Ulisema isiyoingia kwenye kioo kimoja cha kompyuta ni hotuba. Sasa hii pangaZamu uliyotuachia hapa Ushirika wa Wafugaji Amkeni ina mistari elfu moja mia nane arobaini na saba. Mwalimu, hii si hotuba. Hii ni kesha.

Ningekucheka tu na kuendelea na maisha, lakini kuna jambo. Tarehe 22 Agosti, asubuhi, ng'ombe wa Cheptanui kule Solai alishikwa na uchungu na ndama akakwama. Cheptanui ni mjane, na alikuwa na ng'ombe huyo mmoja. Alipiga simu ofisini mara tatu, akaambiwa angoje, daktari yuko njiani. Daktari Muturi hakuwa njiani. Alikuwa kwa Mwenyekiti Hezekiah, akitibu mtamba mwenye chunjua kwenye chuchu. Chunjua! Alipofika Solai saa saba mchana, ng'ombe na ndama walikuwa wamekufa.

Programu yako ndiyo inayopanga daktari aende wapi kwanza, kisha inamtumia orodha kwenye simu. Muturi anaapa kwamba orodha ya siku hiyo ilimweka Mwenyekiti juu. Bodi inasema programu haiwezi kutanguliza chunjua mbele ya uzazi, na kwa kuwa simu inamruhusu daktari kusogeza majina kwa kidole, basi aliyasogeza mwenyewe ili ajipendekeze. Ataitwa mbele ya mkutano wa wanachama Ijumaa tarehe 27. Asipokuwa na maelezo, anafukuzwa.

Mimi namwamini. Lakini siwezi kusimama mbele ya watu na kurasa sitini na moja nisizozielewa. Kwa hiyo nitaikata pangaZamu vipande vidogo, kila kimoja na jina lake, mpaka nione ni wapi chunjua ilipita mbele. Sitabadilisha inachofanya. Nimechukua simu walizopiga wafugaji katika siku mia mbili na kumi na mbili zilizopita, kila siku na orodha yake. Kila nikikata kipande nazipitisha zote upya, na orodha zikitoka tofauti hata kwa ng'ombe mmoja, narudi nyuma. Ninachokuomba ni kidogo: niandikie pembeni kila fungu linafanya nini. Majina uliyotumia ndani ni x, x2, x4 na mwisho_mpya_2. Hata mbwa hupewa jina la maana.

Mwanafunzi wako,
Jemutai


Olkaria
Ijumaa, 6 Septemba 2024

Kwako Jemu mkaidi,

Nilipofungua kifurushi, wenzangu katika chumba cha udhibiti waliuliza kama nimeletewa kesi ya shamba. Nimecheka kwa neno lako la kesha. Ninalistahili.

Nijitetee kidogo. Mwaka ule nilikuwa peke yangu, simu zinalia, bodi inataka jambo jipya kila Jumatatu. Unaongeza mstari hapa, unaongeza pale, unasema utakuja kupanga vizuri wiki ijayo. Wiki ijayo haikuja. Ni uvivu wa kawaida, usitafute zaidi ya hapo.

Huku nimejifunza adabu. Kila vali ya mvuke ina kibao chake cha chuma chenye jina, na isiyo na kibao hakuna ruhusa ya kuigusa, hata kama unaijua kuliko mke wako. Ningejua haya mapema ungekuwa na kazi rahisi.

Nimekuandikia pembeni kama ulivyoomba. Anza na mafungu ya mwanzo, yale yanayopokea simu na kupima dalili, ndiyo rahisi. Ukifika kwenye umbali, kuwa mwangalifu: barabara ya Solai nimeihesabu mara mbili kwa sababu ya matope. Pole, kurasa mbili, ya 31 na ya 32, zilimwagikiwa chai nikazitupa. Hazina kitu cha maana.

Msalimie Muturi. Ni mtu mzuri. Nasikitika kwa yaliyompata.

Kabiru


Bahati
Jumanne, 10 Septemba 2024

Mwalimu mpendwa,

Asante kwa wino wa kijani. Nilipouona nilinyoosha mgongo kama siku ya mtihani.

Mpaka leo nimetoa vipande ishirini na saba. Ukifungua pangaZamu sasa unasoma hivi: pokeaSimu, kisha pimaHatari, kisha hesabuUmbali, kisha tafutaDaktariAliyeKaribu. Mama anayepika chai hapa ofisini alisimama nyuma yangu, akasoma kwa sauti, akasema, "Kumbe hii maneno ya kompyuta hata mimi naeza soma!" Nilitamani ungekuwepo. Orodha zote mia mbili na kumi na mbili bado zinatoka vilevile.

Ndani ya pimaHatari, ndama aliyekwama anapata alama mia tisa, chunjua inapata alama ishirini. Nimehakikisha mara nne. Kwa hiyo hadi hapo Cheptanui yuko juu kabisa. Kuna kitu baadaye kinachompindua, na kimebaki katika kurasa zako mbili za chai.

Nimezichapisha tena, hizi hapa. Weka kikombe mbali. Ni mistari arobaini na mitatu. Inatafuta namba saba mahali panapoitwa x4, na ikiipata inaongeza alama elfu moja. Mwalimu, alama elfu moja! Hakuna ugonjwa wenye alama nyingi hivyo. x4 ni nini? Na saba ni nini? Siwezi kukipa kipande jina kama sijui kinafanya nini, na wewe ndiye uliyetufundisha hivyo.

Zimebaki siku kumi na saba.

Jemutai


Olkaria
Alhamisi, 12 Septemba 2024

Jemutai,

x4 ni namba ya josho ambako mfugaji ameandikishwa kuogeshea ng'ombe dawa ya kupe. Mwaka 2018 kulikuwa na ndigana kali katika josho la saba, kupe wa pale walishinda dawa, ng'ombe kumi na mmoja wakafa kwa wiki tatu. Tuliamua simu yoyote kutoka josho hilo itangulie, kwa maana dalili ndogo pale ingeweza kuwa ndigana. Ndiyo maana ya alama elfu.

Kiite tangulizaJoshoLenyeKupe. Usikiondoe. Ng'ombe watakufa.

Kazi ni nyingi huku, sitaweza kuandika mara kwa mara.

Kabiru


Bahati
Jumanne, 17 Septemba 2024

Mwalimu,

Nilifurahi nilipopata barua yako. Nikakipa kipande jina ulilosema, nikajiambia basi, ni bahati mbaya tu: boma la Mwenyekiti liko chini ya josho la saba, na programu ilidhani chunjua ni mwanzo wa ndigana. Muturi angepona na hakuna mtu angekuwa mbaya. Nililala vizuri usiku huo.

Asubuhi jina lile lilinikera. Linasema josho lina kupe, nami sijawahi kuliona. Nikapanda boda mpaka huko juu, kwenye lile shamba la mzungu la zamani lililogawanywa. Mwalimu, josho la saba ni kavu. Nyasi zimeota ndani mpaka kiunoni, na kuku ametagia pale ng'ombe walipokuwa wakirukia. Jirani, mama mzee aitwaye Wariara, alinicheka.

"Unatafuta dawa hapa? Hii josho ilikufa kitambo, msichana wangu. Kila mtu ako na pampu yake ya mgongo."

"Na walioandikwa josho la saba?"

"Walienda wakabadilisha wote. Wakaandikwa la pili, huko chini. Labda Mzee Hezekiah pekee amebaki."

Nilirudi ofisini na viatu vya matope, nikafanya jambo nililoahidi sitafanya: nikakizima kipande hicho, nikapitisha simu za siku zote mia mbili na kumi na mbili. Orodha kumi na tisa zilibadilika. Zote kumi na tisa zilikuwa zimetanguliza boma moja, la Mwenyekiti. Chunjua, kwato ndefu, ndama anayekohoa kidogo. Tarehe 22 Agosti, kipande kikiwa kimezimwa, Cheptanui ni wa kwanza na Mwenyekiti ni wa sita.

Jina ulilonipa ni la uongo. Sijui kama ulijua.

Tatizo langu sasa ni hili. Nikisimama Ijumaa ya tarehe 27 na haya, watasema mimi ndiye niliyeiweka ile mistari. Nani mwingine ameigusa programu? Nimekuwa nikiikatakata wiki mbili nzima, kila mtu ameniona. Aliyeiandika ni wewe, na neno lako ndilo litakalomtoa Muturi. Niambie jina la kweli la mistari arobaini na mitatu.

Jemutai


Kaptembwo
Jumamosi, 21 Septemba 2024

Mwalimu Kabiru,

Hujajibu. Nakuandikia kutoka nyumbani, watoto wa jirani wanapiga kelele na mimi nimefunga mlango.

Kuna jambo sikukuambia katika barua ya kwanza. Niliandika kwamba Cheptanui aliambiwa angoje. Ni mimi niliyemwambia. Karani alikuwa mgonjwa, nikashika simu mara zote tatu. Mara ya tatu alisema, "Mwanangu, miguu imetoka, kichwa kimekataa, nimtafute mtu wa kuvuta?" Nikatazama kioo, kikasema daktari atafika. Nikamwambia, "Ngoja mama, usimguse, daktari yuko njiani." Kuna fundi wa mifugo hatua chache kutoka kwake. Angemwita. Alingoja kwa sababu nilimwambia angoje, nami nilimwambia kwa sababu programu yako iliniambia.

Nilikudanganya kwa kuliita jambo langu "aliambiwa". Unaona jinsi ilivyo rahisi.

Ijumaa nitasema hayo mbele ya watu, ukijibu au usipojibu.

Jemutai


Olkaria
Jumanne, 24 Septemba 2024

Jemutai mwanangu,

Barua yako ya Jumamosi niliisoma nimesimama getini, kofia ya kazi mkononi. Nimeisoma tena mara tatu.

Ndigana ya 2018 ni kweli. Ng'ombe kumi na mmoja ni kweli. Mistari ile niliiandika kwa nia njema na ilikuwa ya miezi mitatu. Ilikuwa mistari sita tu. Ugonjwa ulipoisha na watu wakahamia pampu, nilimwendea Mwenyekiti kumwambia naitoa. Alikuwa anakula. Akasema, "Hiyo iache tu, Kabiru. Inaumiza nani?" Wiki hiyohiyo nilikuwa nimemwomba aniandikie barua ya kunipendekeza kwa kazi hii ya Olkaria. Aliiandika vizuri sana. Nikaiacha mistari.

Halafu niliona haya. Nikajua siku moja atakuja mtu anayesoma kwa makini, kwa sababu watu wa aina hiyo nilikuwa nawafundisha mwenyewe. Kwa hiyo nikaizungushia mistari mingine isiyo na kazi, sita ikawa arobaini na mitatu, nikaitia katikati ya pangaZamu, na kila nilipoongeza jambo jipya niliongeza humohumo badala ya kulipa funksheni yake. Nilikuambia ni uvivu. Haukuwa uvivu, Jemu. Niliirefusha makusudi ili mtu achoke kabla ya kufika ukurasa wa thelathini na moja.

Chai haikumwagika.

Usibebe ng'ombe wa Cheptanui peke yako. Wewe ulisoma kilichoandikwa. Mimi ndiye niliyeandika, na nikajua, na nikakaa kimya miaka sita.

Ndani ya bahasha utapata barua kwa wanachama, nimetia sahihi na namba ya kitambulisho. Utapata pia ukurasa wa thelathini na moja. Nimelikata jina la uongo na kuandika la kweli kwa kalamu ya kijani. Lisome vile lilivyo.

Kabiru


Bahati
Jumamosi, 28 Septemba 2024

Mwalimu,

Nimechoka, lakini nataka uyapate yakiwa moto.

Mkutano ulifanyika katika ghala la chakula cha mifugo, watu kama mia moja na hamsini wamekalia magunia. Mwenyekiti alifungua kwa maombi. Muturi aliketi mbele na koti lake jeupe alilolipiga pasi. Alipoulizwa, alisema lilelile: "Nilienda pale simu ilinituma." Watu wakaguna.

Nikasimama. Nilianza na langu, kwamba sauti iliyomwambia Cheptanui angoje ilikuwa yangu. Cheptanui aliniangalia tu, hakunikemea, na hilo liliniuma kuliko kukemewa. Kisha nikatoa karatasi moja. Mwalimu, ile kesha yako ya kurasa sitini na moja sasa juu yake ni mistari tisa.

Mwenyekiti akasema, "Madam, wacha hizo vitu za kompyuta. Hapa ni wafugaji, hakuna mtu anaelewa hiyo lugha."

Nikamwambia, "Ni Kiswahili, mzee," na nikaanza kusoma. Pokea simu. Pima hatari. Hesabu umbali. Watu wakaanza kuitikia kwa vichwa, kana kwamba nawasomea kazi zao za asubuhi. Nikafika mstari wa saba, nikasoma jina ulilonipa: tangulizaBomaLaMwenyekiti.

Cheptanui akainuka.

"Hiyo ya saba," akasema, "isome tena."

Nikaisoma tena. Nikaeleza zile orodha kumi na tisa, nikasoma barua yako yote, mpaka mahali pa chai. Mwenyekiti alisema hayo ni mambo ya kupangwa na watu wenye chuki. Mzee mmoja wa nyuma akauliza kwa upole, "Hezekiah, wewe josho yako ni namba ngapi?" Ghala zima lilijua jibu.

Walipiga kura kwa kuinua mikono. Muturi anabaki kazini na bodi itamwomba msamaha kwa maandishi. Mstari wa saba ufutwe, na niufute pale pale, mbele yao. Nikaufuta. Familia nane zimesema zitampatia Cheptanui mtamba kwa pamoja, na Muturi ndiye atakayemchagua. Mwenyekiti bado ni mwenyekiti mpaka uchaguzi wa Machi. Hivyo ndivyo tulivyo.

Wewe hawakukutaja kwa wema wala kwa ubaya. Mama wa chai pekee ndiye aliyesema, "Angalau ameandika jina lake chini."

Jemutai


Olkaria
Ijumaa, 4 Oktoba 2024

Jemu,

Mwenyekiti alinipigia mara tano. Ya sita nilishika. Alinikumbusha barua aliyoniandikia. Nilimwambia ninaikumbuka, na kwamba Jumatatu nilimpelekea msimamizi wangu nakala yake pamoja na maelezo ya jinsi nilivyoipata. Alikata simu. Msimamizi ameniambia ningoje, ataniita. Kwa hiyo na mimi nimo katika kungoja, na si kubaya kama nilivyodhani.

Nimewaza juu ya Cheptanui. Unafikiri nikija kumwona atanifukuza? Nisingemlaumu.

Umebakisha vipande vingapi?

Kabiru


Bahati
Jumanne, 15 Oktoba 2024

Mwalimu,

Njoo. Nilimuuliza Cheptanui. Alisema, "Mwambie akuje. Kuna zizi la kutengeneza." Kwa hiyo leta glavu za kazi na usilete hadithi za kuchekesha.

Nimemaliza. Vipande mia moja sitini na vinne, kirefu kuliko vyote kina mistari kumi na minane. Kila kimoja kina jina na kila jina nimelihakiki kwa miguu pale ilipowezekana. Orodha zote zinatoka vilevile, isipokuwa zile kumi na tisa.

Lakini ninachotaka kukuambia ni cha jana asubuhi. Simu zilikuja nne kwa pamoja: mmoja ana ng'ombe aliyevimba tumbo, wawili wana homa, na mmoja ana mtamba anayezaa kwa mara ya kwanza, na ndama amekwama, kichwa kimegeuka. Programu ikapima, ikapanga, ikamtuma Muturi kwa yule wa mwisho kwanza. Nilipoona jina nililisoma mara mbili. Lilikuwa la Mwenyekiti Hezekiah.

Mkono wangu ulikuwa kwenye kibodi. Ningeweza kumshusha. Mstari mmoja tu, wa siku moja, na hakuna ambaye angeniuliza. Nakiri kwamba nilikaa nikiutazama kwa muda kabla ya kuuondoa mkono.

Muturi alienda mbio na pikipiki. Alimvuta ndama kwa saa nzima, magoti kwenye matope, na wote wawili wako hai. Anasema Mwenyekiti alimletea maji ya kunawa mwenyewe, akamwaga kidogokidogo mikononi mwake. Mwishowe akauliza, "Ni nani amekuambia uanze na mimi?"

Muturi akajifuta mikono. "Simu, mzee. Ndama yako alikuwa amekwama."

"Basi hiyo tu?"

"Hiyo tu."

Wako,
Jemutai